Umepewa amri na serikali unaona sio halali? Mwongozo kamili wa kuipinga, kuanzia barua ya mtendaji mpaka Mahakama Kuu

Naanzia kwenye friji la mama mdogo. Ana banda la chipsi huku kwetu uswahilini, Jumanne moja asubuhi wakaja mgambo wanne na kijana mmoja ana faili kwapani, wakamwambia banda liondoke leo leo, hata hajamaliza kuuliza kwanini wakabeba friji la soda, jiko la gesi na mtungi wake, wakatupia kwenye kirikuu wakaondoka. Hawakuacha karatasi hata moja. Akanipigia simu, "mwanangu, wamechukua kila kitu," basi akakata.

Mimi sio wakili, naliweka wazi mapema. Nimekuwa karani kwenye ofisi ya wakili hapa mjini kwa miaka kadhaa, kazi yangu kupeleka barua, kugongesha mihuri na kukaa foleni masjala, na katika kukaa huko nimeona kesi nyingi za watu dhidi ya serikali zikifa. Watu wanadhani zinakufa kwa sababu serikali haishindiki. Hapana jamani, serikali inashindwa mahakamani kila mwaka. Zinakufa kwa tarehe. Mtu alikuwa na haki yake kabisa ila amekuja mwezi wa saba wakati sheria ilimpa miezi sita, au kapeleka notisi kwa mtu asiye sahihi, au hana karatasi ya kuonyesha kwamba hiyo amri ilitolewa kweli. Kwahiyo mwongozo huu utazungumzia karatasi na tarehe kuliko kitu kingine, mniwie radhi kama mlitegemea mambo mazito zaidi.

Kitu cha kukaa nacho kichwani kabla ya yote ni hiki: mtaani tunaongea kana kwamba kiongozi ana nguvu zake mwenyewe, "DC kasema", "RC kaagiza", basi imetoka hiyo. Kisheria hana nguvu ya kwake. Mtendaji wa mtaa, mkurugenzi, DC, waziri, mpaka rais, kila mmoja anachokifanya lazima kuwe na sheria mahali inayompa ruhusa ya kukifanya, na isipokuwepo anachofanya ni sawa na mimi nikija kwako nikakwambia hama. Ibara ya 26 ya Katiba ya Tanzania inasema kila mtu ana wajibu wa kuifuata Katiba na sheria, na ibara hiyohiyo inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuzilinda. Kila mtu, sio mwenye shahada.

Hatua ya 1: Pata karatasi, na kama haipo itengeneze

Amri ya mdomo ndo ugonjwa wa hapa mjini. Afisa anajua akiandika amejifunga, anakuja anasema kwa sauti watu wakiwepo, anaondoka. Ukienda mahakamani kuomba amri ifutwe jaji atauliza iko wapi hiyo amri niione, usipokuwa nayo umeishia hapohapo, na hili sio utani, maombi mengi yanatupwa kwa sababu uamuzi wenyewe haukuambatanishwa.

Sasa unafanyaje? Siku hiyohiyo au kesho yake andika barua kwa ile ofisi, fupi, bila matusi. Mimi nilimuandikia mama mdogo hivi: "Tarehe fulani saa tatu asubuhi watumishi wa ofisi yako walifika kwenye biashara yangu, wakaniamuru niondoe banda na wakachukua vitu vifuatavyo. Naomba unithibitishie kwa maandishi kama hiyo ni amri ya ofisi yako, imetolewa na nani, na chini ya kifungu gani cha sheria ipi. Naomba pia orodha ya vitu vyangu vilivyochukuliwa na mahali vilipo." Basi. Wakijibu, umepata karatasi. Wakikaa kimya, barua yako yenye muhuri wa kupokelewa ni ushahidi kwamba uliuliza na hawakukanusha.

Muhuri ndo wenyewe. Toa kopi mbili, moja unaacha, nyingine wanagonga muhuri wa tarehe unarudi nayo. Kuna masekretari watakwambia "acha tu hapo, bosi akija ataona", usiache. Beba kitabu cha dispachi, daftari la kawaida la shilingi chache, mpokeaji anaandika jina na sahihi. Wakigoma kabisa nenda Posta utume kwa rejista au EMS, risiti ya Posta ina tarehe na haina cha kugombana na mtu. Picha piga pia, hasa kama wameshachora ile X nyekundu ukutani, ipige ikionekana na nyumba nzima.

Hatua ya 2: Uliza kifungu, alafu kakisome mwenyewe

Hili swali "kifungu gani?" lina nguvu kuliko watu wanavyofikiri, ila liulize kwa adabu. "Samahani baba, naomba unisaidie jina la sheria." Ukiuliza kwa kibesi utaambiwa unamzuia afisa kufanya kazi yake na hapo umewapa sababu.

Ukishapewa jina la sheria unaangalia ngazi. Juu kabisa Katiba ya 1977, na ibara ya 64(5) inasema sheria yoyote inayopingana nayo ni batili kwa kiasi kinachopingana. Chini yake sheria za Bunge. Chini yake kanuni zinazotungwa na mawaziri, na sheria ndogo zinazotungwa na halmashauri. Sheria ndogo haizaliwi kwa madiwani kukaa kikao wakakubaliana, lazima waziri mwenye dhamana aridhie na itangazwe kwenye Gazeti la Serikali ipate namba, ile wanayoita GN. Afisa akikwambia "ni sheria ndogo ya manispaa" muulize GN namba ngapi ya mwaka gani. Mara nyingi ipo. Ila kuna siku haipo, ni azimio la kikao tu, au tamko la kwenye redio, au waraka wa ndani unaomuagiza mtumishi na sio wewe.

Kwenye hela ndo uangalie zaidi. Ibara ya 138 inasema kodi haitozwi ila kwa sheria. Mchango wa lazima ambao hauna sheria, hauna kontrol namba, risiti ya kitabu cha dukani, huo jina lake unalijua.

Kusoma sheria sio lazima ununue. Tovuti ya TanzLII ni bure, ina sheria na hukumu, unaingia hata kwa simu. Angalia tu usikariri namba za vifungu ulizokuta kwenye makala za zamani, hata hizi zangu, kwa sababu kila toleo la marejeo la sheria likitoka vifungu vinaweza kuhama namba. Tafuta maneno ya kifungu.

Na kama taarifa unayotaka iko kwenye faili lao (ramani, muhtasari wa kikao, ripoti ya tathmini), tumia Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2016. Raia anaomba kwa maandishi, ofisi ina siku 30 kujibu. Watu hawaitumii hii sheria, sijui kwanini.

Hatua ya 3: Pitisha hiyo amri kwenye chujio

Hapa ndo penye utamu. Mahakama haifuti amri kwa sababu imekuumiza. Inaifuta kwa sababu zinazojulikana, na Mahakama ya Rufani ilizipanga vizuri kwenye kesi ya Sanai Murumbe dhidi ya Muhere Chacha, imo kwenye ripoti za 1990. Kwa lugha yetu ni maswali haya, jiulize moja moja ukiwa na barua yao mkononi.

Je aliyetoa amri ana mamlaka hayo? Sheria ikisema mkurugenzi ndo anatoa notisi, mtendaji hawezi kuitoa kwa sababu tu yuko karibu. Na anayo mamlaka ila kayapitiliza? Sheria inasema anaweza kutoza faini, yeye kafunga biashara.

Je ulisikilizwa? Hili ndo tundu kubwa wanalodondokea. Ibara ya 13(6)(a) inakupa haki ya kusikilizwa kikamilifu pale haki zako zinapoamuliwa, na Mahakama ya Rufani kwenye Mbeya-Rukwa Autoparts dhidi ya Jestina Mwakyoma ilisema wazi kwamba kanuni ya kusikilizwa hapa kwetu sio desturi tu ya mahakama, imekuwa haki ya kikatiba. Na usikubali ile ya "hata ungesikilizwa tungeamua hivyohivyo", kwa mahakama hiyo sio hoja.

Je alitoa sababu? Kuna kesi ya James Gwagilo, Mahakama Kuu Dodoma, mtumishi aliyestaafishwa na rais "kwa manufaa ya umma" bila kuambiwa manufaa gani, Jaji Mwalusanya akasema sababu lazima zitolewe. Angalia hapo anayezungumziwa ni rais wa nchi, sasa afisa wa kata atasemaje kwamba yeye halazimiki kueleza?

Je aliangalia mambo yasiyohusika (chama chako, ugomvi wa mipaka na jirani yake) au aliyaacha yanayohusika (leseni yako hai ukutani)? Utaratibu ulifuatwa, siku za notisi zilitimia? Na mwisho, uamuzi wenyewe ni wa ajabu kiasi kwamba mtu mwenye akili timamu asingeufikia? Hili la mwisho majaji hawalipendi sana, usiliweke mbele kama huna jingine.

Kwa mama mdogo majibu yalikuwa: notisi hakuna, kusikilizwa hakuna, orodha ya vitu hakuna. Leseni alikuwa nayo. Ila banda lilikuwa limeingia kwenye hifadhi ya barabara karibu mita moja na nusu, na hilo nilimwambia ukweli, mama hapa hata ukishinda wataanza upya kwa kufuata utaratibu na utahama. Ni lazima ujue hili kabla hujatumia hela: mahakama ikifuta uamuzi kwa kasoro ya utaratibu, haisemi wewe uko sahihi, inasema wao warudi wakafanye vizuri.

Hatua ya 4: Maliza milango ya ndani kwanza

Watu wanachukia hii hatua kwa sababu inaonekana ya kupoteza muda, ila ukiiruka upande wa serikali unasimama na pingamizi la awali, "mheshimiwa, huyu hakumaliza njia alizopewa na sheria", na unatolewa bila kusikilizwa. Kodi ya TRA ina njia yake, unaweka pingamizi ndani ya siku 30 kwa Kamishna, na kwa kawaida unalipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au ile usiyobishania, inayozidi kati ya hizo, kabla halijapokelewa, kisha Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi. Mtumishi wa umma aliyefukuzwa ana rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, siku 45. Maamuzi ya wadhibiti kama EWURA (nishati na maji) na LATRA (usafiri wa ardhini) yanakwenda Baraza la Ushindani. Soma sheria iliyokubana, karibu kila moja ina kifungu cha rufaa, na siku zake zimeandikwa humo. Ziandike ukutani.

Kuna pia Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, imeundwa na ibara ya 129, malalamiko ni bure na hauhitaji wakili. Iliirithi ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi ya enzi za Mwalimu. Inachunguza na kupendekeza, haitoi hukumu, na haimchunguzi rais wala jambo lililoko mahakamani. Mimi naitumia kama njia ya kuweka shinikizo na kumbukumbu, huku saa ya mahakama ikiendelea kuhesabiwa. Kupeleka malalamiko Tume hakusimamishi siku zako za mahakamani, nimeona mtu analia kwa hili.

Hatua ya 5: Chagua mlango wa mahakama, na kila mlango una saa yake

Milango iko mitatu na watu wanaichanganya.

Mlango wa kwanza ni mapitio ya mahakama, yaani unaiomba Mahakama Kuu ifute uamuzi, au imzuie afisa asifanye, au imlazimishe afanye kazi ambayo sheria inamtaka aifanye na anakwepa. Mawakili wanaziita setiorari, prohibisheni na mandamasi, usitishike. Huu una ngazi mbili. Kwanza unaomba kibali, ukionyesha tu kwamba kuna hoja ya kusikilizwa, na kibali hicho lazima ukiombe ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa, ndivyo zinavyosema kanuni za 2014, GN 324. Unapeleka maombi ya chemba, maelezo yako (nani wewe, unaomba nini, kwa sababu zipi) na hati ya kiapo iliyothibitishwa na kamishna wa viapo, pamoja na ule uamuzi wenyewe, na hapa ndo unaelewa kwanini hatua ya kwanza nilikukomalia. Ukipewa kibali una siku 14 tu kufungua maombi yenyewe. Siku 14 hizi zimezika watu wengi, wanashangilia kibali, wanatumiana picha kwenye whatsapp, wiki mbili zinapita. Na ukiwa unaomba kibali omba na utekelezaji usimame mpaka kesi iishe, maana kibali peke yake hakizuii greda.

Mlango huu hautoi fidia. Unataka hela ya friji? Nenda mlango wa pili.

Mlango wa pili ni kesi ya madai ya kawaida. Hapa kuna historia nzuri kidogo. Zamani ukitaka kuishtaki serikali ilibidi uombe ruhusa ya serikali yenyewe, yaani unamuomba anayekudhulumu akuruhusu umshtaki. Kukutia Ole Pumbun na mwenzake wakaipeleka hoja hiyo mpaka Mahakama ya Rufani, na mwaka 1993 ikasema sharti hilo linavunja Katiba. Mwaka uliofuata Bunge likarekebisha sheria, ruhusa ikaondoka ikaja notisi ya siku 90. Ndo tunayoishi nayo mpaka leo, na marekebisho ya 2020 yakaieneza mpaka kwa halmashauri, ambazo zamani ilikuwa mwezi mmoja, pamoja na wakala na mashirika ya umma.

Notisi yenyewe ni barua inayoeleza madai yako na msingi wake, inakwenda kwa ofisi au waziri husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, sisi ofisini huwa tunapeleka na kwa Wakili Mkuu wa Serikali kabisa. Gongesha mihuri kote. Siku 90 zikiisha unafungua kesi Mahakama Kuu, sio mahakama ya wilaya hata kama friji ni la laki nne, na lazima Mwanasheria Mkuu aunganishwe kama mdaiwa, usipomuunganisha kesi nzima inaporomoka.

Utauliza, sasa ndani ya siku 90 wakibomoa je? Ndo watu wanakimbilia maombi ya Mareva, jina limetoka kwenye kesi ya kampuni ya meli kule Uingereza mwaka 1975, huku kwetu limezoeleka kama zuio la kushikilia hali ilivyo wakati notisi inasubiri kuiva. Mahakama itapima mambo matatu ya Atilio dhidi ya Mbowe, kesi ya hapahapa nchini ya 1969: kuna hoja nzito ya kuamua, utaumia kiasi kisichofidika kwa hela, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. Nyumba unayoishi inafaa. Friji halifai, friji linafidika, nilimwambia mama mdogo akanuna siku mbili.

Mlango wa tatu ni kesi ya kikatiba, pale ambapo shida sio afisa kakosea sheria, ila sheria yenyewe ndo mbovu. Ibara ya 30(3) inakupeleka Mahakama Kuu, utaratibu uko kwenye sheria ya 1994 ya utekelezaji wa haki na wajibu wa msingi, na kesi yenyewe inasikilizwa na majaji watatu. Kazi zimefanyika kupitia mlango huu. Ndyanabo mwaka 2002 alimaliza sharti la kuweka milioni 5 kabla kesi ya uchaguzi haijapangiwa tarehe ya kusikilizwa. Rebeca Gyumi mwaka 2016 alishinda kuhusu vifungu vya ndoa vya mabinti chini ya miaka 18, serikali ikakata rufaa, ikashindwa 2019. Ila marekebisho ya 2020 yaliubana mlango huu, yakakutaka uape jinsi wewe binafsi ulivyoathirika, kwahiyo hakikisha kwanza sheria inasemaje sasa. Marekebisho hayohayo yalisema ukimlalamikia rais, makamu, waziri mkuu, spika au jaji mkuu, anayeshtakiwa ni Mwanasheria Mkuu. Jua pia mahakama inaweza kuona sheria ni mbovu ikaipa serikali muda wa kuirekebisha badala ya kuifuta hapohapo.

Na kama kuna njia nyingine ya kukutosheleza utaambiwa uende huko kwanza. Kwahiyo usikimbilie "nitawapeleka kwa Katiba" kwa sababu linasikika kubwa.

Kama wameshakuweka ndani

Hapa saa zinahesabiwa kweli, mwenye kusoma hii ni ndugu aliyebaki nje. Polisi wakimkamata mtu bila hati wanatakiwa wamwambie kosa lake na wamfikishe mahakamani ndani ya saa 24, au kwa makosa yenye dhamana wampe dhamana. Vitu vikichukuliwa kwenye upekuzi kuna hati ya ukamataji mali, inasainiwa na mwenye mali na shahidi, mkapewe nakala.

Amri ya mkuu wa mkoa au wilaya ya "mkamate weka ndani" ipo kwenye Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997, ipo kweli, sio ya kubuni. Ila haikuwekwa kwa ajili ya mtu aliyechelewa kikao au aliyejibu vibaya kwenye mkutano wa hadhara. Ni kwa mtu anayevunja au anayekaribia kuvunja amani, pale ambapo hakuna njia nyingine ya kuzuia hilo, sababu ziandikwe, na haizidi saa 48, zikiisha afikishwe mahakamani au aachiwe. Ndugu nenda kituoni, uliza kwa upole kwenye kaunta jina lake limeandikwa saa ngapi kwenye kitabu na kwa kosa gani, andika jina au namba ya askari aliyekujibu. Muda ukipita wakili anaweza kwenda Mahakama Kuu na maombi ya habias kopasi, yaani mwenye kumshikilia amlete mtu huyo na aeleze kwa sheria gani. Mara nyingi nilivyoona, maombi yakishafunguliwa tu mtu anatoka kabla hayajasikilizwa.

Ardhi, kwa sababu Dar kila kitu kinaishia kwenye ardhi

Serikali inaweza kutwaa ardhi yako kwa matumizi ya umma, hilo usibishane nalo sana. Bishana na mawili: je ni matumizi ya umma kweli, na fidia iko wapi. Ibara ya 24 inasema fidia inayostahili, na Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Lohay Akonaay ilishasema hata haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na ibara hiyo, sio mwenye hati tu.

Watu wengi wanasaini fomu ya tathmini wakiangalia namba ya mwisho tu. Ifungue. Ndani ya fidia, zaidi ya thamani ya ardhi, nyumba na mazao, kuna posho ya usumbufu, kuna posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya mwezi mara 36, kuna usafiri wa mzigo wa tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na kama una biashara hapo kuna faida ya mwezi mara 36 kwa kuthibitishwa na mahesabu. Hilo la mahesabu linawaua wenye maduka, daftari hakuna, risiti za mashine ya EFD hakuna, anaandikiwa sifuri. Fidia ikichelewa zaidi ya miezi 6 inaanza kudai riba. Mthamini akija piga picha kila chumba mbele yake, na mti wa mwembe uhesabiwe.

Milango iliyofungwa, na ya Arusha

Tusidanganyane, kuna sehemu Katiba yenyewe imefunga. Ibara ya 41(7) inasema matokeo ya rais yakishatangazwa na Tume ya Uchaguzi hakuna mahakama ya kuyachunguza, na rais akiwa madarakani hashtakiwi kwa jinai, njia iliyopo ni Bunge kwa ibara ya 46A na inataka theluthi mbili. Usitumie hela ya wakili hapo.

Arusha kuna mahakama mbili na watu wanazichanganya. Ile ya Afrika ya haki za binadamu, raia wa Tanzania alikuwa anaweza kwenda moja kwa moja, serikali ikaondoa tamko lake la kuruhusu hilo Novemba 2019 na likakoma kufanya kazi Novemba 2020, kwa kesi mpya mlango huo umefungwa. Ile ya Afrika Mashariki bado iko wazi kwa mtu binafsi, na hailazimishi umalize mahakama za ndani kwanza, ila saa yake ni fupi kuliko zote: miezi miwili tangu kitendo kitokee au ulipokijua. Hawaongezi.

Wakili na hela

Msaada wa kisheria upo kwa sheria ya 2017. Hapa Dar nenda Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA au WLAC (mashirika ya msaada wa kisheria kwa wanawake), au wale wa Chuo Kikuu Mlimani, uende na kopi zako zimepangwa kwa tarehe kwenye faili moja, barua ya zamani chini, mpya juu, utasikilizwa haraka kuliko mwenye mfuko wa rambo. Tangu 2021 sheria inataka Kiswahili mahakamani kwahiyo usikubali kusaini hati ya kiapo usiyoielewa kwa sababu ni ya Kiingereza, omba iandikwe Kiswahili, kiapo ni chako. Siku hizi kesi zinafunguliwa kwenye mfumo wa mtandao wa mahakama, na mfumo unaandika saa na dakika uliyowasilisha, usisubiri siku ya mwisho saa tano usiku wakati bando linaisha.

Mama mdogo hakufika huko. Barua yetu iligongwa muhuri Alhamisi, Jumatatu akapigiwa simu aje na kitambulisho. Friji likarudi, jiko likarudi, mtungi ukarudi ukiwa mwepesi, gesi yote imekwisha. Baada ya wiki mbili ikaja notisi nyingine, safari hii imechapwa, ina kifungu, ina GN, ina siku 30 na mahali pa kupeleka pingamizi. Akaisoma mara mbili, akaniuliza hiyo mita moja na nusu inaanzia kupimwa wapi, tukachukua futi ya fundi tukapima kutoka kwenye jiwe la barabara, akalisogeza banda nyuma mpaka likagusa ukuta wa jirani. Saivi anagombana na jirani.